Mwenye Shaka Bungeni: Wiki ya Mbunge Asiyeuamini Muungano na Maana Yake kwa Kisii na Nyamira

1.0 Utangulizi

Mtu akitaja Bunge katika soko la Keroka au pale Daraja Mbili mjini Kisii, wasikilizaji huwaza Nairobi. Na tangu mwaka 2013 huenda wakawaza pia mabunge ya kaunti. Ni wachache watakaowaza Arusha. Hali hiyo si ya ajabu, kwa kuwa hakuna mpigakura hata mmoja wa Kisii wala wa Nyamira aliyewahi kupewa karatasi ya kura ya kumchagua mbunge wa Bunge la Afrika Mashariki. Hata hivyo, sheria zinazopitishwa na Bunge hilo zinamgusa mpigakura huyo huyo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 ndiyo inayotumika pale Isebania bidhaa zinapokaguliwa na kutozwa ushuru. Sheria ya Udhibiti wa Uzani wa Magari ya mwaka 2016 ndiyo inayosema lori lipitalo barabara ya Isebania–Kisii–Ahero libebe mzigo wa uzani gani.

Makala hii inakusudia kumchunguza mtu mmoja ndani ya Bunge la aina hiyo, yaani mbunge asiyeamini kwamba kuunganisha nchi ni jambo la heri, lakini ambaye ameketi humo humo na analipwa mshahara na muungano anaoutilia shaka. Ulaya wamemzoea mtu huyo. Kwetu hajulikani sana, na tutajaribu kueleza kwa nini. Hoja yetu ni kwamba mchuuzi wa ndizi wa Kisii na mkulima wa chai wa Nyamira wana mashaka ya haki kuhusu Jumuiya, lakini mashaka yao hayana kiti Arusha. Mashaka yenye kiti huko ni ya serikali.

2.0 Tatizo la istilahi

Waingereza wanalo neno moja la kumtaja mtu huyu, na lilienea magazetini mwao katika miaka ya 1980. Kiswahili bado hakijakubaliana juu ya neno lake. Baadhi ya waandishi husema "mpinga-muungano". Istilahi hii ina kasoro: kupinga ni kukataa moja kwa moja, ilhali wengi katika kundi hili hawakatai, bali wanauliza bei. Wengine wangependa "mshuku-muungano". Nayo ina dosari yake, kwa maana kushuku katika matumizi ya kawaida kunadokeza uovu uliofichwa. Polisi humshuku mwizi. Shaka ni kitu cha upole zaidi. Mwenye shaka hajui hakika, na anataka aonyeshwe. Kwa hiyo tutamwita "mwenye shaka", tukikubali kwamba istilahi hii ni ndefu kidogo na haina urari wa neno moja.

Tofauti hizi si mchezo wa maneno. Kuna mwenye shaka anayetaka nchi yake itoke. Kuna anayetaka ibaki lakini muungano usisonge mbele zaidi ya biashara. Na kuna asiye na ugomvi na muungano wenyewe ila na namna unavyoendeshwa: fedha, siri, na watu wasiochaguliwa. Tukiwaita wote wapinzani tu, tutashindwa kuona kwamba wiki zao za kazi hazifanani hata kidogo. (Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumejishughulisha mno na istilahi za fonolojia, tukaliacha Bunge lijitafutie maneno yake lenyewe.)

3.0 Wiki ya Ulaya: watu wawili wa aina mbili

Bunge la Ulaya limechaguliwa moja kwa moja na wananchi tangu mwaka 1979. Kalenda yake hupakwa rangi: wiki nyekundu ni ya vikao vya Bunge zima, ya waridi ni ya kamati, ya buluu ni ya makundi ya kisiasa. Vikao vikuu 12 kwa mwaka hufanyika Strasbourg, Ufaransa, kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi. Kamati hukutana Brussels, Ubelgiji. Kila mwezi wabunge, makarani na masanduku ya nyaraka huhama baina ya miji hiyo miwili, umbali wa zaidi ya kilomita 400, kisha hurudi. Mwenye shaka hahitaji kutafuta mbali mfano wa ubadhirifu. Yeye mwenyewe husafiri ndani yake.

Katika ukumbi, muda wa kusema hugawanywa kwa kufuata ukubwa wa makundi. Mbunge wa kawaida hupata dakika moja, pengine moja na nusu. Ili kundi litambuliwe lazima liwe na wabunge wasiopungua 23 kutoka robo ya nchi wanachama. Hapo pana kinaya: asiyetaka ushirikiano wa mataifa hulazimika kushirikiana na watu wa mataifa mengine sita au zaidi ili apate dakika ya kuushutumu, na pia ofisi na fedha za watumishi.

Tuwaangalie wawili. Nigel Farage wa Uingereza alikuwa mbunge humo tangu mwaka 1999 hadi nchi yake ilipotoka tarehe 31 Januari 2020. Yeye aliufanya ukumbi wa Strasbourg kuwa jukwaa. Hotuba zake zilikuwa fupi, kali, zikilenga watazamaji waliokuwa nyumbani, si wabunge waliokuwa mbele yake. Mwaka 2010 alitozwa faini kwa kumkashifu hadharani Rais wa Baraza la Ulaya. Wapinzani wake walimlaumu kwamba katika Kamati ya Uvuvi, alikokuwa mjumbe, hakuonekana mara nyingi, ilhali uvuvi ulikuwa mojawapo ya malalamiko makubwa ya Waingereza dhidi ya Ulaya. Mtu aweza kumjibia kwamba kazi aliyotumwa ilikuwa kuitoa nchi, na nchi ilitoka.

Wa pili ni Jens-Peter Bonde wa Denmark, aliyeingia katika uchaguzi ule wa kwanza wa 1979 na kukaa hadi 2008. Naye alikuwa mwenye shaka, na alianza kama mtetezi wa kutoka kabisa. Lakini wiki yake ilikuwa ya kusoma majalada. Alidai nyaraka zilizofichwa zitolewe, alifuatilia hesabu, na alitoa matoleo ya mikataba ya Ulaya yaliyopangwa na kufafanuliwa ili mwananchi wa kawaida aweze kuisoma mwenyewe. Kwa maoni yangu huyu ndiye mwenye faida zaidi kwa Bunge lolote, hata kwa wale wanaoupenda muungano. Farage aliwaambia watu wachukie nini. Bonde aliwapa karatasi wasome, kisha wakaamua.

Jambo wanaloshirikiana wawili hawa ni kwamba walitumwa. Mwaka 2014 chama cha Farage kilipata viti 24 na kuongoza vyama vyote vya Uingereza katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya. Waliompigia kura walijua anaenda kusema nini. Asiyeamini alitumwa na wasioamini.

4.0 Wiki ya Arusha

Sasa tuje kwetu. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini tarehe 30 Novemba 1999 na ukaanza kutumika Julai 2000. Bunge lake lilizinduliwa mwaka 2001 likiwa na wabunge 27 wa kuchaguliwa, yaani tisa kwa kila nchi: Kenya, Tanzania na Uganda. Hesabu ya tisa tisa imebaki vile vile kadiri nchi zilivyoongezeka, iwe ni Rwanda na Burundi zilizojiunga mwaka 2007, Sudan Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo au Somalia. Mawaziri wanaohusika na masuala ya Jumuiya, Katibu Mkuu na Mwanasheria wa Jumuiya huketi humo kwa nyadhifa zao, wanasema, lakini hawapigi kura.

Tuseme kuna mbunge kutoka Nyamira, wa kufikirika tu, mwenye shaka ya aina ya Bonde. Wiki ya vikao imefika. Amesafiri kupitia Nairobi na Namanga, na Jumatatu asubuhi yumo katika jengo la makao makuu ya Jumuiya. Hata kabla hajafungua jalada, ukuta wenyewe umempa swali: jengo hilo, lililozinduliwa Novemba 2012, lilijengwa kwa msaada wa Ujerumani. Jumuiya inayojenga nyumba yake kwa fedha za mgeni, na ambayo michango ya wanachama wake huchelewa mwaka baada ya mwaka hata shughuli za Bunge zikakwama, ina uhuru wa kiasi gani? Mpenda muungano hulipita swali hili haraka. Mwenye shaka analiandika.

Jumatatu ni siku ya kamati. Akiwa na busara ataomba kuwa katika Kamati ya Hesabu. Huko husomwa taarifa ya Tume ya Ukaguzi, inayoundwa na wakaguzi wakuu wa hesabu wa nchi wanachama. Hakuna makofi katika kamati hiyo, wala kamera nyingi. Kuna kurasa za safari zisizo na stakabadhi, magari, na miradi iliyopokea fedha za wafadhili ikachelewa. Kazi ya mwenye shaka hufanyika hapa kuliko mahali pengine popote, na ndipo anapoweza kumsaidia hata yule asiyekubaliana naye.

Jumanne hadi Alhamisi, mara nyingi alasiri, Bunge zima huketi. Kuna kipindi cha maswali kwa Baraza la Mawaziri. Mbunge wetu atauliza, kwa mfano, ni kwa nini Machi 2021 Kenya ilizuia ghafla mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti, na ni chombo gani cha Jumuiya kilichoshauriwa. Waziri atajibu, kwa kawaida kwa adabu na kwa urefu.

Msomaji wa Nyamira anajua thamani ya swali bungeni. George Anyona aliingia Bunge la Kenya mwaka 1974 akiwakilisha sehemu ambayo leo imo katika Kaunti ya Nyamira. Mwaka 1977 alihoji zabuni ya ununuzi wa mabehewa ya reli. Swali hilo lilimpeleka kizuizini hadi Desemba 1978. Wanaoisoma habari hii kama ya rushwa peke yake husahau kwamba mabehewa hayo yalitakiwa wakati shirika la reli la pamoja la Afrika Mashariki lilikuwa limevunjika na kila nchi ikijitafutia yake. Anyona alikuwa akiuliza bei ya kuvunjika kwa muungano. Mwenye shaka wa Arusha anauliza bei ya kuujenga. Maswali hayo mawili ni ndugu.

Tukirudi kwenye wiki yetu: mbunge anaweza kuleta mswada wake binafsi, lakini Mkataba unamkataza kuleta mswada unaotoza mfuko wa Jumuiya fedha, huo huletwa na Baraza la Mawaziri tu. Na mswada ukishapita, kazi haijaisha. Kifungu cha 63 kinataka wakuu wote wa nchi wauridhie. Mmoja akikataa hata baada ya kurudishiwa, mswada hufa. Kwa hiyo mbunge mwenye shaka hahitaji kuuangusha mswada ukumbini. Inatosha rais mmoja asiutie saini. Ijumaa wabunge hutawanyika.

5.0 Akidi, au mlango unaoweza kufungwa na watu saba

Kuna kifungu kimoja ambacho wanafunzi wa siasa hukipita bila kukisimamia, nacho ni cha 57. Akidi ya Bunge la Afrika Mashariki ni nusu ya wabunge wa kuchaguliwa, na lazima ndani ya nusu hiyo wawemo angalau theluthi moja ya wabunge wa kila nchi. Theluthi ya tisa ni watatu. Basi wabunge saba wa nchi moja wakitoka nje, waliobaki ni wawili, na Bunge zima, hata likiwa na wabunge sitini ukumbini, haliwezi kufanya kazi.

Linganisha na Strasbourg. Mwenye shaka wa Ulaya ana dakika moja na kipaza sauti. Akitoka nje hakuna anayesimama. Mwenye shaka wa Arusha, akiwa na wenzake sita wa nchi yake, ana ufunguo wa mlango. Lakini ufunguo huo haukutengenezwa kwa ajili ya mbunge mmoja mwenye msimamo wake. Saba wa nchi moja hawatoki pamoja kwa bahati. Hutoka nchi inapotaka watoke. Hivyo kifungu kilichokusudiwa kuzilinda nchi ndogo kimeifanya nchi, siyo raia, kuwa mwenye shaka mkuu.

Historia inaliunga mkono jambo hili. Desemba 2017, Bunge la nne lilipokutana kumchagua Spika, wabunge wa Tanzania na Burundi walisusia kura iliyompa Martin Ngoga wa Rwanda kiti hicho, na Burundi ikalipeleka suala la akidi katika Mahakama ya Afrika Mashariki. Miaka mitatu kabla, Desemba 2014, Spika Margaret Zziwa wa Uganda aliondolewa baada ya miezi ya mvutano. Mivutano yote miwili ilisomwa magazetini kwa majina ya nchi: Tanzania imesema, Burundi imekataa, Kenya inataka.

Hata shaka maarufu kuliko zote katika eneo letu ilipitia mkondo huo. Kamati iliyoongozwa na Amos Wako ilipendekeza mwaka 2004 kwamba shirikisho la kisiasa liharakishwe. Wananchi waliulizwa katika nchi zote tatu miaka ya 2006 na 2007, na wengi wa Watanzania walioulizwa wakakataa uharakishaji huo, ardhi ikiwa miongoni mwa sababu kubwa. Hapo raia alisikika, tena waziwazi. Lakini alisikika kwa kuwa serikali yake iliunda kamati ya kumuuliza na ikakubali jibu. Hakuna mbunge wa Arusha aliyekuwa amechaguliwa kwa tiketi ya jibu hilo.

6.0 Nani hutumwa?

Kifungu cha 50 cha Mkataba kinasema kwamba Bunge la kila nchi litachagua watu tisa, wasiotoka miongoni mwa wabunge wake, watakaowakilisha, kadiri inavyowezekana, vyama vilivyomo, mielekeo mbalimbali ya maoni, jinsia na makundi maalumu. Msomaji ayapigie mstari maneno "mielekeo mbalimbali ya maoni". Vyama vimetajwa peke yake. Maoni nayo yametajwa peke yake. Kwa hiyo Mkataba ulitambua kwamba mtu aweza kuwa na maoni kuhusu Jumuiya ambayo hayalingani na chama chake.

Kenya imekitendea nini kifungu hicho? Mwaka 2006 Bunge halikupiga kura. Majina yaliyotoka vyamani yalipitishwa na kamati ya shughuli za Bunge, basi. Peter Anyang' Nyong'o na wenzake kumi walikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki. Novemba 2006 Mahakama ikazuia Wakenya hao tisa wasiapishwe, na tarehe 30 Machi 2007 ikaamua kwamba hapakuwa na uchaguzi kwa maana ya Mkataba. Kenya ikalazimika kutunga kanuni mpya na kuchagua upya. Kabla hata ya hukumu, Desemba 2006, wakuu wa nchi walikuwa wamekwisha kuurekebisha Mkataba na kuigawa Mahakama hiyo katika vitengo viwili na kuongeza sababu za kumwondoa jaji. Chama cha Wanasheria wa Afrika Mashariki kilipinga, na mwaka 2008 Mahakama ikaeleza kwamba wananchi walipaswa kushirikishwa katika marekebisho hayo. Sijui kesi nyingine inayomfaa zaidi mwanafunzi anayetaka kujua nani mwenye Jumuiya.

Katika Bunge hilo la pili, la 2007 hadi 2012, miongoni mwa Wakenya tisa lilikuwamo jina la Reuben Oyondi, ambalo msomaji wa Kisii hahitaji kuelezwa limetoka wapi. Lakini jina kutoka Gusii na kiti cha Gusii ni vitu viwili. Wabunge tisa hawana majimbo. Tangu kanuni ziliporekebishwa, viti hugawanywa kwa nguvu za vyama: Novemba 2022 muungano wa Kenya Kwanza ulipata vitano na Azimio vinne. Miungano hiyo miwili ilitofautiana kwa mengi, ila si kwa suala la Jumuiya. Mtu angetafuta katika orodha hiyo nani alichaguliwa kwa sababu ya kutilia shaka soko la pamoja, na nani kwa sababu ya kulitetea, asingepata. Vyama vilihesabiwa. Mielekeo ya maoni haikuhesabiwa.

7.0 Mashaka ya Kisii na Nyamira

Je, kwani Gusii ina shaka gani? Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira. Ni zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba huko Kisii na zaidi ya 600 Nyamira, sehemu kubwa wakiwa mashambani. Shamba linalogawanywa kwa wana halirefuki. Kijana anayesikia "soko la pamoja" huweza kudhani kwamba sasa anaweza kwenda Tarime au Serengeti akajipatia ekari. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inasema vingine: Kifungu cha 15 kinaiacha ardhi chini ya sheria za kila nchi. Kwa hiyo hofu ya Mtanzania imewekewa ua wa kisheria, na tumaini la kijana wa Gusii halina msingi katika Itifaki. Wote wawili wangepaswa kuambiwa hivyo na mbunge wao, tena mapema.

Kuna kumbukumbu pia. Februari 1977, Jumuiya ya kwanza ilipokuwa ikivunjika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Wakuria wanaishi pande zote mbili za mstari huo, na lugha yao inakaribiana sana na Ekegusii. Muungano uliokufa uliwaachia mpaka mgumu kuliko ule wa kabla yake. Mtu mwenye umri wa kulikumbuka hilo ana haki ya kuuliza, Jumuiya ya pili ikianguka, nani atalipa?

La karibu zaidi ni la Julai 2025. Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, zikiwamo huduma za fedha kwa simu, utengenezaji wa simu, saluni, na ununuzi wa mazao shambani. Hilo la mwisho linamgusa moja kwa moja mchuuzi anayevuka Sirari kununua vitunguu au machungwa kwa mkulima mwenyewe ili akauze Kisii. Itifaki inampa haki ya kufanya biashara. Amri inamnyima. Aende wapi? Hana mbunge wa jimbo Arusha wa kumwandikia. Atasubiri mawaziri wa Kenya na Tanzania wazungumze, na mawaziri wana mengine ya kuzungumza.

Upande wa chai hali ni tofauti, na haki inadai tuseme hivyo. Majani yanayochumwa Kebirigo, Nyansiongo au Ogembo huishia katika mnada wa Mombasa, ambako huuzwa pamoja na chai ya Uganda, Rwanda na nchi nyingine. Mnada huo ni wa kikanda kwa tabia yake, na wingi wa chai ndio unaowavuta wanunuzi wa mbali. Mwenye shaka wa kweli angekiri hili. Mashaka yasiyokubali faida yoyote ni chuki tu iliyovaa suti.

Anayedhani kwamba ugomvi wa mipaka ni wa mataifa peke yake naye aende Keroka. Hapo watu wa kabila moja na lugha moja, waliogawanyika kaunti mbili, wamevutana kwa miaka juu ya nani akusanye ushuru wa soko. Ikiwa Kisii na Nyamira hazikuelewana upesi juu ya soko moja, tusiwacheke mawaziri wa nchi nane.

8.0 Lugha ya ukumbi

Tumeacha kwa makusudi jambo moja la wiki ya Arusha hadi mwisho, kwa kuwa ndilo linalotuhusu sisi wanachama wa chama hiki. Kifungu cha 137 cha Mkataba kiliifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Jumuiya, na Kiswahili kikaahidiwa kuendelezwa kama lugha ya mawasiliano mapana. Matokeo yake ni kwamba Bunge linaloketi Arusha, mji ambamo hata mpigadebe wa stendi hufanya kazi yake kwa Kiswahili, limeendesha mijadala yake kwa Kiingereza. Bunge la Kenya lenyewe liliagizwa na Rais Kenyatta kutumia Kiswahili mwaka 1974, mwaka ule ule Anyona alipoingia. Agosti 2016 Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha azimio la kuwaomba wakuu wa nchi wairekebishe hali hiyo, na Februari 2021 wakuu hao wakaamua kwamba Kiswahili na Kifaransa ziwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza.

Uamuzi ni jambo moja. Ukalimani, tafsiri ya miswada, na kumbukumbu rasmi za vikao kwa lugha tatu ni jambo jingine, na linahitaji watu waliofunzwa. Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoingia katika siasa bila kugombea kiti. Bonde alionyesha kwamba nakala ya mkataba inayosomeka humpa raia nguvu kuliko hotuba kumi. Kazi kama hiyo haihitaji mfadhili. Kifungu cha 50 kuhusu uchaguzi wa wabunge, cha 57 kuhusu akidi na cha 63 kuhusu ridhaa ya wakuu wa nchi vyote havizidi kurasa chache. Vinaweza kutiwa katika Kiswahili chepesi na katika Ekegusii, vikasomwa redioni na kujadiliwa katika makongamano yetu. Bunge la tano lilianza Desemba 2022 kwa muhula wa miaka mitano. Kabla Nairobi haijaketi kuchagua tisa wengine, kuna muda wa kuwauliza wabunge wa Kisii na wa Nyamira watampigia kura nani, na ni mwelekeo gani wa maoni wanaoupeleka Arusha.